Aponyaye Ini Ana Deni la Shingo

Liko swali ambalo huzuka barazani kila apatikanapo mgonjwa, nalo hukatwa upesi kwa maneno mawili matatu, kisha kahawa ikapitishwa na mazungumzo yakaenda kwingine. Swali lenyewe ni hili: dawa ikimponya mtu ugonjwa mmoja na ikamwachia mwingine, je, aliyeitoa amefanya wema au amefanya ubaya? Mmoja husema, "Dawa za hospitali ni sumu tupu, afadhali kuziacha." Mwenziwe humjibu, "Daktari amesoma, wewe hukusoma, meza unyamaze." Twaona kwamba majibu yote mawili ni ya haraka, na kwamba wasemaji wote wawili wamelikimbia swali. Wa kwanza ameliangalia dhara akasahau ugonjwa. Wa pili ameuangalia ugonjwa akasahau dhara.

Tumependa kulirejesha swali hili mbele ya wasomaji wetu na kulipima kwa mfano mmoja ulio wazi, nao ni dawa ya homa ya ini iitwayo intaferoni, na madhara iliyoyaleta katika tezi ya shingo. Na mizani yenyewe hatutaitundika Mombasa, ambako mgonjwa akikosa kipimo katika nyumba moja huvuka barabara akakipata katika nyingine. Tutaitundika Griftu, katika kaunti ya Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya. Huenda mtu wa pwani akauliza, "Griftu yatuhusu nini?" Yatuhusu kwa sababu walioko huko ni ndugu zetu, na pia kwa sababu wema hupimwa mahali pagumu. Chombo hakijulikani uimara wake kingali kimefungwa gatini.

Kwanza yapasa tuujue ugonjwa. Homa ya ini si ugonjwa mmoja. Ziko za virusi vya aina tano, nazo wataalamu wamezipa herufi A, B, C, D na E. Ile ya A na ile ya E hupitia katika maji na chakula kilichochafuka. Na mwaka 2012 hiyo ya E ilizuka katika makambi ya wakimbizi ya Dadaab, kaunti ya Garissa, ikawa khatari khasa kwa wanawake wajawazito. Ama ile ya B, ya C na ya D, njia yao kubwa ni damu: sindano isiyo safi, wembe wa mtu mwingine, damu isiyopimwa, na ya B hupita vilevile baina ya mume na mke, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hizi tatu huweza kukaa ndani ya mtu miaka 20 au 30 bila ya kupiga kelele, hata siku moja ini likawa limekakamaa au limeingia saratani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na ile ya B, milioni 50 na ile ya C, na kwamba homa za ini ziliua watu milioni 1.3 katika mwaka huo mmoja. Wasomali wa Griftu huuita ugonjwa huu cagaarshow, jina litokalo katika neno lao la rangi ya kijani, kwa jinsi mgonjwa anavyogeuka rangi. Basi tusizungumze kana kwamba ugonjwa ni mdogo na dawa ndiyo iliyoleta balaa. Balaa ilikuwapo kabla ya dawa.

Mwaka 1957, huko London, wataalamu wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, waligundua kwamba seli ya mwili ikivamiwa na kirusi hutoa kitu cha kuwaonya jirani zake ili wajifungie milango. Kitu hicho wakakiita intaferoni. Ilipita miaka zaidi ya 30 hata ikawa dawa ya ini: Marekani iliiruhusu kwa homa ya ini C mwaka 1991, na kwa ile ya B mwaka 1992. Mgonjwa alidungwa sindano mara tatu kila wiki, na baadaye, ilipopatikana ile ikaayo mwilini kwa muda mrefu, mara moja kwa wiki. Na muda wa tiba ulikuwa aghlabu miezi sita au mwaka mzima. Haikuwaponya wote. Kwa baadhi ya aina za kirusi cha C, hata ilipochanganywa na vidonge vya ribavirini, waliopona walikaribia nusu ya wagonjwa tu. Lakini aliyepona alikuwa ameondolewa njiani mwa kaburi, na hilo si jambo la kudharauliwa.

Sasa tuje kwenye shingo. Mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, iko tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iitwayo tezi dundumio. Ndiyo ile ambayo ikivimba watu husema fulani ana rovu. Kazi yake ni kupanga mwendo wa mwili, kama mkono ushikao utambi wa taa. Utambi ukipandishwa kupita kiasi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, jasho hutoka, mtu hukonda na usingizi humkimbia. Ukishushwa kupita kiasi, mtu huwa mzito, huona baridi wenziwe wakiona joto, ngozi humkauka, choo humfunga, akili humpunguka wepesi, na huzuni humwingia asijue imetoka wapi. Mwanamke huweza kukosa mimba, au kushika mimba ikaharibika.

Intaferoni, kwa kuwa kazi yake ni kuwaamsha askari wa mwili, huweza kuwaamsha mno, wakaigeukia tezi ya mwenyewe wakaipiga kama adui. Na tena huweza kuidhuru tezi yenyewe bila ya askari hao. Jambo hili liliandikwa kwanza mwaka 1985, kwa wanawake waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti kwa dawa hiyo. Kisha, ilipokuwa dawa ya ini, ilionekana kwamba katika kila wagonjwa 100 wa homa ya ini C waliodungwa, baina ya 5 na 15 hivi walipatwa na ugonjwa wa tezi ulio dhahiri, na wengine wengi zaidi walionekana na alama zake katika damu tu. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na khasa yule ambaye alama hizo zilikuwamo katika damu yake kabla ya sindano ya kwanza.

Wala dhara hii haiji kwa njia moja. Wako ambao tezi zao hulegea moja kwa moja. Wako ambao hupandwa na kasi na kubaki nayo. Na wako ambao tezi huvunjika kama mtungi: kwa wiki chache hukimwaga kilichomo, mwili ukaenda mbio, kisha hubaki tupu, mwili ukalala, kisha, kwa wengi wao, ikajirekebisha. Huyu wa mwisho akipewa dawa ya kuizuia tezi isifanye kazi, atakuwa amezibiwa mtungi uliokwisha kuvunjika. Basi haitoshi kujua kwamba tezi imeguswa. Hapana budi kujua imeguswaje.

Ugumu mkubwa wa jambo hili ni kwamba mwivi amevaa nguo za mwenye nyumba. Mtu mwenye homa ya ini huchoka. Na intaferoni yenyewe huchosha, hukondesha, hukosesha usingizi na huleta huzuni. Tezi nayo ikiharibika hufanya mambo hayo hayo. Basi mgonjwa akisema, "Nimechoka," huambiwa, "Ni sindano, vumilia." Akisema, "Moyo wanipiga mbio usiku," huambiwa, "Ni khofu tu." Kila analolalamika limekwisha kuandikiwa jibu kabla hajafumbua kinywa. Hakuna kiwezacho kumvua mwivi huyu nguo zake isipokuwa kipimo cha damu, kifanywe kabla ya sindano ya kwanza, kikaririwe kila miezi miwili au mitatu hata tiba imalizike, na kisifungwe siku ya sindano ya mwisho, kwani dhara nyingine hutokea baadaye.

Hapa ndipo lile swali la barazani linapogeuka sura. Mgonjwa ambaye tezi yake imelegea, na ikajulikana mapema, hupewa kidonge kidogo cha levothairoksini, kimoja kila siku, na aghlabu tiba ya ini huendelea bila ya kukatwa. Wengine huja kukiacha. Wengine hukaa nacho maisha yao yote, nao huishi, hufanya kazi na huzaa. Ama yule ambaye haikujulikana, huweza kupoteza mimba, huweza kuharibikiwa na moyo, huweza kuitwa mvivu na mumewe na mwenda wazimu na jirani zake, na huweza kuitupa tiba katikati ya njia, likamkosa ini na ikamkosa shingo. Dawa ni ile ile, tezi ni ile ile, dhara ni ile ile. Kwa mmoja imekuwa kidonge kimoja asubuhi, na kwa mwingine imekuwa maisha yaliyoharibika. Kilichowatenga wawili hawa ni kuangaliwa na kutoangaliwa.

Basi twasema hivi: haiwezekani kuihukumu dawa peke yake. Kinachohukumiwa ni dawa pamoja na ulinzi wake. Aitoaye dawa yenye kudhuru, na akamwambia mgonjwa, na akamwangalia, na akaitibu dhara ilipotokea, huyo ametenda wema uliotimia. Aitoaye dawa hiyo hiyo kisha akageuza uso, huyo ametoa nusu ya tiba, na nusu ya tiba huweza kuwa dhuluma kamili.

Wanavyuoni wa fikihi wamelijadili tangu kale jambo la dhara mbili zikutanapo, na mwenendo wao ni kuivumilia iliyo nyepesi ili kuizuia iliyo nzito. Kwa mizani hiyo, mtu ambaye ini lake laelekea kuangamia alikuwa na haki ya kuikubali intaferoni pamoja na khatari ya shingo yake. Hatuna shaka katika hilo. Lakini watu wengi huichukua kanuni hii kana kwamba dhara nyepesi, ikisha kuvumiliwa, imefutwa. Haikufutwa. Kuvumiliwa si kufutwa. Imeachwa iingie kwa dharura, na aliyeifungulia mlango ana deni la kuifuata ndani ya nyumba aone inafanya nini. Na jambo la pili ni kwamba mwenye haki ya kuvumilia ni mwenye shingo. Hakuna awezaye kuvumilia dhara kwa niaba ya mwili wa mwingine, huku mwenyewe hana khabari. Daktari hupima kwa elimu yake. Lakini kauli ya kusema "nakubali" si yake, na akiichukua kwa kunyamaza amechukua kisichokuwa chake.

Yuko atakayesema kwamba haya ni maneno ya kitabuni, na kwamba anayekusudia mema hana lawama. Huyo tutamwonyesha Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hata mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wengi wa bonde la Nile walidungwa sindano za kutibu kichocho, ugonjwa ambao sisi wa pwani twaujua vyema. Kusudi lilikuwa jema, na kichocho kilikuwa kikiua. Lakini kila mgonjwa alihitaji sindano nyingi, na mabomba yakatumiwa kwa mtu baada ya mtu bila ya kusafishwa inavyopasa. Mwaka 2000 wataalamu walichapisha uchunguzi wao kwamba kampeni hiyo ndiyo iliyokieneza mno kirusi cha homa ya ini C katika Misri. Kirusi chenyewe hakikutambuliwa hata mwaka 1989, kwa hiyo hatumlaumu mtu kwa kutojua jina lake. Lakini ya kwamba bomba lisilochemshwa hupitisha manjano kutoka damu ya mmoja hata ya mwingine, hilo lilikuwa limekwisha andikwa tangu miaka ya 1940. Kilichokosekana si nia. Kilichokosekana ni ulinzi. Na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2008 ulikuta alama za kirusi hicho kwa karibu watu 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 59.

Misri hiyo hiyo yatufundisha pia jinsi deni linavyolipwa. Mwaka 2006 iliunda kamati ya taifa ya kupambana na homa za ini, ikawatibu watu wengi kwa intaferoni ijapokuwa na taabu zake. Mwaka 2014, zilipotoka dawa mpya za kumeza, ilijadiliana bei ya sofosbuviri hata ikashuka ikawa kama sehemu moja katika 100 ya bei ya Marekani. Mwaka 2018 na 2019 ikawapima watu wapatao milioni 50 katika muda wa miezi saba. Na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa ya kwanza kufikia daraja ya dhahabu katika njia ya kuiondosha homa ya ini C. Deni lililofanywa kwa sindano lililipwa kwa kwenda kumtafuta mgonjwa nyumbani kwake, si kwa kumngoja aje kulalamika.

Hapo msomaji atasema, "Basi jambo limekwisha. Intaferoni imepitwa na wakati, na shingo zimesalimika." Kweli, dawa za sasa za homa ya ini C humezwa kwa wiki 8 au 12, huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika 100, nazo hazina dhara ile ya tezi. Kwa ile ya B, Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilipendekeza vidonge vya tenofoviri au entekaviri. Lakini intaferoni haijaondoka duniani. Ingali yatumika kwa homa ya ini D, na mahali pengine kwa ile ya B. Tena wako walioitumia zamani ambao shingo zao zingali zadai. Na hizo dawa mpya nazo zina madeni yake. Tenofoviri huweza kuyagusa mafigo na mifupa, na mwenye homa ya ini B akiiacha ghafla ugonjwa huweza kumrukia kwa nguvu. Dawa za C huweza kukiamsha kirusi cha B kilicholala ndani ya mtu huyo huyo. Tangu 2016 wakubwa wa dawa wa Marekani wameamuru onyo hilo liandikwe juu yake, na apimwe B kwanza kabla ya kutibiwa C. Basi jina la dhara limebadilika, na mahali pake pamehama kutoka shingoni kwenda penginepo, lakini sheria imebaki ile ile.

Sasa na tuipeleke sheria hii Griftu. Mji huu uko magharibi ya mji wa Wajir, na kutoka Wajir hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500. Griftu ina hospitali yake ya serikali na ina chuo cha mafunzo ya ufugaji. Lakini watu wake wengi ni wenye ngamia, ng'ombe na mbuzi, na mvua ikikosa hapa huhamia kule inakonyesha. Tumfikirie mama mmoja wa huko. Hatumtaji mtu, twaweka mfano tu. Lau mama huyu angepewa intaferoni na kuambiwa, "Rudi baada ya miezi mitatu tukupime," baada ya miezi mitatu angekuwa wapi? Akitokwa na jasho, angesema ni jua. Akikonda, angesema ni ukame. Akiwa mzito na mwenye huzuni, jirani zake wangesema ni uzazi mwingi au ni jicho la watu. Kule kujificha ambako mjini ni pazia moja, kwake ni mapazia matatu.

Liko na jambo jingine ambalo wachache wetu walijua. Tezi ya shingo hulishwa kwa madini ya ayodini, yale yatiwayo katika chumvi. Kwetu tumezoea kusikia kwamba ayodini ikikosekana mtu hutoka rovu. Lakini ikizidi pia huiharibu tezi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 huko Somalia uliwakuta wanawake na watoto wakipata ayodini kupita kiasi, na sababu iliyoonekana ni maji ya visima virefu vya kuchimbwa. Hatusemi kwamba maji ya Griftu ni hivyo; kila kisima kina hukumu yake. Twasema tu kwamba mtu asidhani tezi ya mama wa Griftu ni sawa na tezi iliyoandikwa katika kitabu cha Ulaya. Aipime kwanza.

Kwa Wasomali wengi, mwenye cagaarshow hupelekwa kwa mganga akachomwa ngozi kwa kijiti cha moto. Hatuisifu tiba hiyo. Moto juu ya ngozi haukitoi kirusi kilichomo katika damu, na kidonda chake huweza kuoza. Lakini kuna jambo moja ambalo hospitali yapaswa kulitazama kwa haya. Dhara ya mganga yaonekana. Kovu liko juu ya tumbo, mkono ulioliweka wajulikana, na mwenye mkono huo aishi kambi moja na mgonjwa, akiulizwa hana pa kukimbilia. Dhara ya hospitali imefichwa ndani ya damu, na mkono ulioiweka umekwisha hamishiwa kituo kingine. Maadam hospitali ina elimu kubwa kuliko mganga, yapasa iwe na uwajibikaji mkubwa kuliko wake, si mdogo.

Yako mapingamizi mawili ambayo ni lazima tuyajibu. La kwanza ni la wale wasemao, "Mkiwatajia watu madhara, watakimbia dawa, na watakufa kwa ini." Khofu hii si ya kipumbavu. Lakini aliyefichwa naye hukimbia, na hukimbia vibaya zaidi. Moyo ukimwenda mbio usiku asijue sababu, atakata shauri kwamba dawa yamuua, ataitupa, na atawaambia jamaa zake kumi. Aliyeambiwa tangu mwanzo atasema, "Hili ndilo nililoambiwa, na niende nikapimwe." Amekuwa mlinzi wa pili wa mwili wake. Wala kueleza si kumsomea mtu orodha ya maovu kama hati ya mashitaka. Ni kumwambia kwa lugha yake, na Griftu lugha hiyo ni Kisomali, kwamba wengi hawatapatwa na jambo, wachache watapatwa, dalili zake ni hizi, na ukiziona mlango ni huu.

La pili ni zito zaidi. "Griftu na mfano wake hakupatikani kila kipimo. Je, watu wa huko waachwe wafe na ini mpaka mashine zifike?" La, hasha. Kutokuwapo ulinzi si hoja ya kumnyima mtu dawa. Ni hoja ya kuutafuta ulinzi. Tena kuna kuchagua. Dawa mbili zikilingana katika kuponya, na moja yahitaji kuangaliwa kila mwezi na nyingine mara chache, basi kwa mtu wa mbali hii ya pili ndiyo bora, hata ikiwa ile ya kwanza yasifiwa Ulaya. Ndiyo sababu mojawapo intaferoni haikuchaguliwa kwa nchi zetu katika mwongozo ule wa 2015: ilihitaji gharama na uangalizi ambao haupatikani kila mahali. Na palipo dharura ya kuitumia, damu husafiri hata mtu asiposafiri. Tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi laweza kupelekwa mbali; ndivyo watoto wachanga wanavyopimwa tezi katika nchi nyingi, na ndivyo damu ya watoto wa Kenya inavyopelekwa kupimwa kirusi cha Ukimwi. Lililowezekana kwa mtoto haliwezi kuitwa muhali kwa mamaye.

Basi nini kipasacho kila mmoja? Kwa mwenye kutibu: apime kabla, aseme kabla, na aandike katika karatasi ya mgonjwa mwenyewe, si katika daftari la hospitali peke yake, ni dawa gani aliyopewa, kipimo kijacho ni lini na kitazame nini, ili mtu huyo akihamia malishoni kituo chochote akipitiacho kiweze kuendelea pale wenzao walipoachia. Kwa mgonjwa: aulize, maana kuuliza si ujinga, na asiache dawa kwa siri. Akipewa kidonge cha tezi asikiache hata katika Ramadhani, kwani ni kimoja tu kwa siku na chaweza kumezwa usiku tumbo likiwa tupu. Amwulize daktari saa. Kwa mume na jamaa: mke akichoka katika tiba msimwite mvivu kabla damu yake haijasema.

Na kwetu sisi watu wa miji ya pwani lipo letu. Homa ya ini C imekutwa katika Mombasa na Malindi miongoni mwa vijana wajidungao heroini, nao ni watoto wa mitaa yetu, hata tukiwapa majina ya kuwaweka mbali. Ile ya B imo majumbani mwetu. Watoto wa Kenya hupewa chanjo yake tangu 2001 ndani ya sindano ya maradhi matano, lakini waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na wengi wao hawajapimwa hata leo. Tuna jamaa wenye magari yaendayo Garissa na Wajir kila wiki, tuna vijana wetu waliosoma uuguzi na maabara, na tuna matajiri wanaotafuta sadaka ya kudumu. Watu hupenda kutoa dawa, kwa sababu kasha la dawa laonekana na hupigwa picha. Wachache hupenda kulipa nauli ya kipimo cha tatu, au mshahara wa mtu wa kumfuata mgonjwa malishoni kwa ngamia. Lakini ukiyatia yote mizanini utaona kwamba kasha bila ya mfuasi ni nusu ya sadaka, na mara nyingine ile nusu nyingine ndiyo ilikuwa uhai wa mtu.

Hatutaki mtu aondoke na maneno yetu akasema tumeitia dawa ila. Tumesema kinyume cha hilo: dawa ni neema, na neema ina haki zake. Aliyeponya ini la mtu amefanya jambo kubwa, na kwa jambo hilo hilo amejifunga na shingo ya mtu yule. Hawezi kusema, "Mimi ni wa ini, shingo haikuwa kazi yangu." Mgonjwa hakuja na ini peke yake. Alikuja mzima, na mzima ndivyo apaswavyo kurudishwa kwake.